Leso inayoogelea: jinsi ya kumtafuta koa mwekundu wa baharini usiku wa bamvua

Chukua leso nyekundu yenye pindo jeupe, itumbukize baharini penye maji ya kiunoni, ishike katikati kisha uipunge juu chini, taratibu. Pindo litajikunja, litakunjuka, litajikunja tena. Hivyo ndivyo anavyoogelea koa ninayetaka ukamtafute. Wataalamu humwita Hexabranchus sanguineus, jina lenye maana ya matamvua sita ya kupumulia na rangi ya damu. Wapiga mbizi wa Kizungu walimfananisha na mwanamke wa Kihispania anayecheza huku akirusha sketi yake, na jina hilo ndilo lililoenea duniani. Sisi tuliolelewa na leso hatuna haja ya kufika Uhispania kutafuta mfano.

Ni konokono, ingawa gamba hana. Yule koa wa bustanini anayekutobolea mchicha ni ndugu yake wa mbali. Makoa wengi wa baharini ni wadogo kuliko kidole chako, lakini huyu hufika sentimita 40, na wapo waliozidi hapo. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu, Bahari ya Hindi yote hadi Pasifiki, na pwani yetu imo humo. Mchana hujibanza chini ya miamba. Jua likizama, hutoka.

Mwongozo huu ni wa mtu wa miguu, asiye na mtungi wa hewa wala mashua. Nikuambie ukweli mapema: usiku wa kwanza huenda usimwone. Mkubwa aliyekomaa hupenda ukingo wa nje wa mwamba na mahali pasipokauka, kwa hiyo mtembezi humkuta kwenye vidimbwi vya kina na mifereji ya karibu na ukingo, tena si kila safari. Lakini kumtafuta yeye ndiyo njia bora ya kuwaona jamaa zake wadogo, ambao ni wengi na wana rangi za kushangaza, na ambao watu hupita juu yao kila siku wakielekea kwenye pweza.

Kwanza, soma mwezi

Tochi baadaye. Kitu cha kwanza ni mwezi, kwa sababu ndio unaoamua kama utafika unakotaka kwenda.

Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji hupwa zaidi siku moja au mbili baada ya hapo. Siku za mwezi nusu ni maji mafu, hayapwi sana. Siku hizo lala. Pwani ya Kenya na Tanzania, tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni kama mita 3 hadi 4, na huo ni ukuta wa maji unaoondoka na kurudi mara mbili kwa siku.

Tuna bahati moja ambayo nchi nyingine hazina. Huku kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne na kitu, asubuhi na usiku. Ndiyo maana siku za bamvua alasiri huikuta bahari imejaa hadi kwenye minazi. Kwa mtafuta koa, saa nne usiku ni saa njema: giza limeshaingia vizuri, mnyama ametoka, na wewe hujalemewa na usingizi. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa karibu dakika 50, kwa hiyo bamvua moja hukupa siku tatu au nne za kazi kabla mambo hayajaingia usiku wa manane. Thibitisha saa kwenye jedwali la maji la bandari iliyo karibu nawe. Majedwali hayo siku hizi yamo hata kwenye simu.

Sasa msimu. Wakati wa upepo wa kusi bahari inachafuka, mawimbi yanapasukia ukingoni kwa nguvu, na kutembea huko usiku ni kujitafutia msiba. Masika nayo huleta maji ya mito yenye udongo, na huoni kitu. Kaskazi ndio wakati wake, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ikiwa shwari na maji maangavu. Nikipewa kuchagua bamvua moja tu la mwaka mzima, ningechagua la Machi kabla mvua hazijaanza. Karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, bamvua huwa kubwa kuliko mengine, na vidimbwi vya ukingoni visivyofikika miezi mingine hufikika.

Mwezi mpevu au mwezi mwandamo? Mgeni wa mwamba aanze na mpevu, auone ufuo na njia ya kurudi. Mzoefu achague giza.

Pili, vitu vya kubeba

Si vingi. Viatu vya raba vyenye soli nene vinavyofunga mguu mzima; ndala hapana, zitabaki kwenye tope. Tochi ya kichwani na nyingine ya mkononi. Simu ndani ya mfuko usioingiza maji. Fimbo ya kupimia kina mbele yako. Rula ya plastiki au sarafu ya kupimia ukubwa kwenye picha. Daftari na penseli, maana kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyolowa. Na mtu wa pili.

Huyo mtu wa pili si pambo. Mwambani usiku hakuna anayekusikia, na mguu ukiteguka huwezi kurudi peke yako kabla ya maji.

Kabla hujaenda, waarifu watu wa ufuo. Kenya na Tanzania bara zungumza na BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo wa mahali hapo. Zanzibar nenda kwa sheha. Mtu mwenye tochi anayezungukazunguka mwambani usiku huzua maswali, na jibu ni rahisi zaidi likitolewa mchana. Uliza pia kama mwamba huo umo ndani ya hifadhi. Watamu na Malindi zimekuwa hifadhi tangu 1968, Kisite-Mpunguti tangu miaka ya 1970, Chumbe ilianza 1994, na Mafia 1995. Ndani ya maeneo hayo kuna taratibu za kuingia, na hutoki na kitu mkononi, hata gamba tupu.

Tatu, nenda asubuhi ya siku ileile

Hatua hii watu huiruka, kisha wanarudi wakisema hawakuona chochote. Kwa kuwa maji yatapwa saa nne asubuhi na tena saa nne usiku, una nafasi ya kuuona mwamba uleule mchana kweupe, nusu siku kabla. Itumie.

Tembea njia utakayopita usiku. Tazama mifereji iko wapi na ipi ni ya kina. Chagua alama mbili za ufuoni zitakazoonekana gizani, kama vile taa ya msikiti au mnara wa simu, na uone zinavyolingana ukiwa kwenye ukingo. Tafuta vidimbwi vitatu au vinne vyenye maji ya magotini, kuta za mawe na kivuli. Hivyo ndivyo utakavyorudi kuvichungulia.

Asubuhi moja ya namna hiyo, kusini mwa Diani, nilikuwa nimeinama juu ya kidimbwi kwa muda mrefu. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akichokoa pweza akanijia na mchokoo wake begani.

"Mwanangu, waangalia chini hivyo, umepoteza pete?"

"Shikamoo mama. Natafuta koa."

"Marahaba. Koa! Wa kula?"

"Hapana mama, wa kutazama."

Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Kisha akanionyesha kwa ncha ya mchokoo jiwe lililokuwa hatua tano nyuma yangu, ambalo nilikuwa nimelipita. Chini ya mwinuko wake palikuwa na ua jekundu, kama waridi lililotengenezwa kwa utepe. Yalikuwa mayai yake. Wanaochokoa pweza huujua mwamba jiwe kwa jiwe kuliko mtaalamu yeyote, kwa hiyo ukikutana nao waamkie na uwaulize. Koa hawamtilii maanani kwa sababu haliki, lakini macho yao yameshamwona.

Nne, mtafute kwa chakula chake na mayai yake

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Anayemtafuta koa kwa kumulika huku na huku atachoka. Anayetafuta chakula chake atamkuta mezani.

Makoa wengi wa rangi kali hula sifongo, na kila aina ya koa ina sifongo zake, hazizidi chache. Sifongo usizifikirie kama zile za kuoshea vyombo. Mwambani ni utando laini au vinundu vyenye vitundu, vilivyogandamana na mawe, vyekundu, vya manjano, vya zambarau, vyeusi. Hupenda kivuli: chini ya vijiwe vilivyoning'inia, kwenye nyufa, kwenye kuta za mifereji. Ukipata ukuta uliojaa sifongo za rangi mbalimbali, simama hapo. Tazama sehemu iliyoliwa, palipobaki kovu jeupe au njia iliyokwanguliwa. Mlaji hayuko mbali, maana hana miguu ya kukimbilia.

Sifongo ndizo zinazompa pia ujasiri wa kuvaa nyekundu. Hana gamba, hana meno ya kuuma, mwendo wake ni wa kobe, lakini samaki hawamgusi. Sifongo hujikinga kwa kemikali chungu. Koa wetu huila bila kudhurika, akazihifadhi kemikali hizo mwilini mwake, na akawarithisha watoto kupitia mayai. Mwaka 1986 wanasayansi wa Japani walichunguza mayai ya koa wa jamii hii yaliyotoka ghuba ya Kabira, katika kisiwa cha Ishigaki, wakapata kemikali yenye uwezo wa kuua kuvu. Waliiita kabiramidi kwa jina la ghuba. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba hata kiasi kidogo cha kemikali za kundi hilo kikitiwa kwenye chakula, samaki hukikataa.

Mayai sasa. Makoa ni dume na jike kwa pamoja, kila mmoja hutaga, kwa hiyo mayai ni mengi kuliko wanyama wenyewe, na hayajifichi. Utepe wa Hexabranchus ni mwekundu au wa waridi, umesimama wima na kujizungusha kama ua, na unaweza kuwa mpana kama kiganja. Makoa wadogo hutaga tepe kama hizo za rangi nyeupe au manjano, ndogo kama kifungo cha shati. Ukikuta mafungu ya nyuzi za kijani au manjano zilizochanganyikana kama tambi kwenye majani ya bahari, hayo ni ya sungura bahari, koa mnene wa rangi ya matope anayetoa wino wa zambarau akiguswa. Naye ni wa ukoo huohuo, ila hana uzuri wa kumtembelea usiku.

Penye waridi jekundu, weka alama daftarini. Usiku utaanzia hapo.

Tano, usiku wenyewe

Ingia mwambani saa moja na nusu au mbili kabla ya maji kupwa kabisa, ukiyafuata yanavyoondoka. Usingoje yapwe ndipo utoke nyumbani.

Kanyaga mchanga na mwamba uliokufa. Matumbawe hai usiyakanyage, na usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika. Kuna samaki wa mawe ambaye huwezi kumtofautisha na jiwe hadi akuchome, kuna konokono wenye umbo la pia iliyochongoka, wazuri wa kuokota, ambao mshale wao wa sumu umewahi kuua watu, na kuna viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea mikeka. Ukichomwa na samaki wa jiwe, loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, na uende hospitali mara moja. Kwa konokono, usipoteze muda na maji ya moto. Mtulize mgonjwa, mguu au mkono usitikisike, mkimbizeni.

Kwenye kidimbwi, usimulike kutoka juu moja kwa moja, kwa sababu mwanga hurudi usoni na haukuonyeshi ila uso wako. Chuchumaa, weka tochi pembeni karibu na maji, mwanga upite kwa mlazo. Vitu vyenye mwinuko vitatoa kivuli, na koa mwenye ukubwa wa njugu atajitokeza. Kisha subiri. Hesabu hadi mia moja bila kuhama. Mara ya kwanza jicho huona jiwe tu, dakika moja baadaye sehemu ya jiwe inasogea.

Akiwa ametulia, Hexabranchus hafanani na picha zake. Huwa amekunja kingo za joho lake, yaani ngozi pana inayomfunika, juu ya mgongo, anaonekana kama mfuko mwekundu uliofifia, wenye madoa. Ni pale anapoguswa au anaposumbuliwa na mkondo ndipo anapokunjua kingo hizo na kuonyesha pindo la rangi kali, na akizidi kusumbuliwa hujiachia kutoka kwenye jiwe na kuogelea. Najua unataka kumwona akiogelea. Usimchokoe ili aogelee. Humaliza nguvu zake, na kwenye maji ya kupwa mkondo unaweza kumtupa kwenye mwamba mkavu. Kaa naye robo saa. Mara nyingine huondoka mwenyewe, na hapo utakuwa umeona kitu ambacho hukukilazimisha.

Kumtoa nje ya maji ni kosa kubwa zaidi. Mwili usio na mfupa wala gamba hubebwa na maji, ukimweka kiganjani hulala kama ute wa yai na huwezi kumwona alivyo. Na kama umefunua jiwe, lirudishe kama lilivyokuwa, upande wa juu juu. Viumbe wa upande wa kivuli hufa vikiachwa juani kesho yake.

Mtazame mgongoni, karibu na matamvua. Kuna kamba mdogo, mara nyingi mwenye rangi nyekundu na nyeupe kama mwenyeji wake, anayepanda juu ya koa huyu na juu ya majongoo ya bahari, akiokota makombo. Koa hasumbuki naye.

Sita, msome kama leso

Leso ina pindo, mji na jina. Koa ana viwili vya mwanzo, cha tatu utamtafutia wewe. Usikimbilie rangi ya jumla, kwa sababu rangi hubadilika kwa umri na chakula. Mtoto wa Hexabranchus anaweza kuwa mweupe wa manjano asiyefanana hata kidogo na mzazi. Fuata mpangilio huu.

Anza na pindo, yaani ukingo wa joho. Lina mistari mingapi, ya rangi gani, na kutoka nje kwenda ndani inafuatana vipi? Aina mbili zenye mgongo unaofanana hutofautishwa na mstari mmoja wa manjano ulio nje au ndani ya ule wa zambarau. Kosa la wengi ni kuandika "pindo la zambarau" na kuishia hapo.

Mji ni mgongo. Una madoa, mistari, au vinundu? Vinundu vyake vina rangi gani kwenye ncha?

Halafu pembe mbili za mbele. Hizo si macho, ni za kunusia. Mara nyingi zina mikunjo kama kurasa za kitabu, na rangi yake ni tofauti na ya mwili.

Mwisho matamvua, yaliyo nyuma juu ya mgongo kama kishada. Kwa makoa wengi wa kundi hili, ukiwagusa, kishada chote huingia ndani ya tundu moja. Kwa Hexabranchus kila tamvua limeota mahali pake peke yake na hayaingii katika tundu moja. Hiyo ndiyo alama ya uhakika, hata ukikutana na aliyefifia rangi kabisa.

Wapo wanaodanganya. Mnyoo bapa mwenye rangi kali na pindo la kuvutia ndiye anayewakosesha wengi, na naye huogelea kwa kupunga. Lakini ni mwembamba kama karatasi, hana matamvua mgongoni, na pembe zake ni mikunjo tu ya ukingo wa mbele. Ukiona kishada, ni koa.

Jamaa utakayemwona mara nyingi, tena hata mchana, ni Phyllidia varicosa: mweusi na buluu ya kijivu, mwenye vinundu vya ncha za manjano vilivyojipanga kwa mistari. Huyu ana ngozi ngumu, na matamvua yake yako chini ya pindo, si mgongoni, kwa hiyo sheria ya kishada haimhusu. Usimtie kwenye ndoo pamoja na samaki au kamba wako. Hutoa sumu inayoweza kuwaua wote humo.

Saba, picha

Piga nne kwa kila mnyama: mzima kutoka juu, pindo kwa karibu, pembe kwa karibu, matamvua kwa karibu. Zima mwako wa simu, tumia tochi ya pembeni, la sivyo rangi nyekundu itaungua na kuwa kama chungwa. Picha moja iwe na sarafu au rula pembeni yake. Nyingine iwe ya alichokaa juu yake, kwa sababu sifongo ndiyo itakayomsaidia mtu mwingine kukuambia ni nani.

Ukiweza, rekodi video ya sekunde kumi. Namna anavyotembea na kuchezesha matamvua ni sehemu ya kitambulisho chake.

Nane, geuka kwa wakati

Kanuni yangu haina mjadala: saa ya maji kupwa kabisa ndiyo saa ya kugeuza uso kuelekea nchi kavu, hata kama umempata sekunde hiyo.

Sababu ni hesabu. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote kwa kumi na mbili. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja, ya pili sehemu mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Bamvua la mita 3.6 basi hupanda sentimita 30 katika saa ya kwanza, 60 katika ya pili, na 90 katika ya tatu. Saa ya kwanza inakudanganya kwamba una muda. Ya tatu ndiyo inayochukua watu.

Tena maji hayaji kutoka mbele peke yake. Huingia kwanza kwenye mlango wa bahari, hujaza mfereji ulio nyuma yako kati ya mwamba na ufuo, na wewe uliyesimama ukingoni mahali pa juu bado una miguu mikavu. Ndiyo maana ulipima mifereji asubuhi. Mfereji uliokuwa wa magotini ukiwa sasa wa mapajani, umeshachelewa. Vuka hapohapo, usitafute pengine.

Tisa, jina

Nyumbani, kabla ya kulala, andika. Asubuhi utakuwa umesahau pindo lilikuwa na mistari mingapi.

Picha unaweza kuziweka kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako wajuzi wa makoa kutoka nchi mbalimbali huzitazama na kupendekeza majina. Pwani yetu ina kumbukumbu chache kuliko inavyostahili, ingawa ilianza mapema. Sir Charles Eliot, yule kamishna wa Uingereza wa Afrika Mashariki aliyejiuzulu mwaka 1904, na ambaye bara hukumbukwa kwa kuwafungulia walowezi ardhi ya watu, alikuwa bingwa wa makoa wa baharini. Alichapisha maelezo ya makoa wa Zanzibar na pwani hii huku akitawala, na mengi yalitokana na wanyama waliokusanywa na Cyril Crossland, mtaalamu wa viumbe vya baharini. Mmoja wao amebeba jina la kisiwa cha Wasini hadi leo: Halgerda wasinensis. Crossland naye alipewa jenasi nzima, yaani kundi la aina zilizo karibu kiukoo: Crosslandia. Baadaye mtaalamu mwingine, Malcolm Edmunds, alichapisha kazi juu ya makoa wa Tanzania, sehemu moja yake mwaka 1971. Mimi huona ajabu kidogo kwamba mtu wa Shimoni anaweza kuvuka hadi Wasini kila wiki bila kujua kuna koa aliyebeba jina la kisiwa hicho kwenye makabati ya makumbusho ya Ulaya.

Usilazimishe jina la aina. "Halgerda, aina haijulikani" ni kumbukumbu nzuri. Jina la kubahatisha humpotosha atakayekuja baada yako.

Daftarini weka tarehe, siku ya mwezi, saa, kina kwa sentimita, alikuwa juu ya nini, na alikuwa akifanya nini. Mfano wa mstari wangu: "Bamvua la mwezi mpevu, siku ya pili. Saa 4:20 usiku. Kidimbwi cha tatu, kina sm 45. Hexabranchus, sm 18, amekunja joho, kamba mmoja mgongoni. Sifongo nyekundu pembeni. Utepe wa mayai, jiwe la mashariki."

Mstari huo wa mwisho usiuache. Baada ya kama wiki mbili kutakuwa na bamvua jingine. Rudi kwenye jiwe lile asubuhi, utazame kama waridi bado ni jekundu, limepauka, au limebaki shina tu.